Mizizi Safi ya Meza ya Nne

Daktari wa mimea alipoambiwa kwamba nyanya za kituo chake zimeua mtu, alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kiti alichokalia kimemtukana. Kisha akamtazama Inspekta usoni, akaona pale hapana mzaha, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Afande, nyanya haziui," alisema. "Mimi nazishika kutwa kucha. Watu wanasema Fundi ametiliwa kitu na mkewe."

"Watu wanasema mengi, na hawalipwi kwa kusema," Inspekta alijibu. "Mimi nalipwa kwa kuuliza. Fundi wako wa mabomba alikula sahani ya nyanya mbichi juzi jioni, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekata roho. Daktari wa polisi amekuta tumboni mwake nyanya na sumu, vimechanganyika. Mkewe yuko rumande na mtoto wa kunyonya. Leo mchana mwendesha mashtaka anataka jalada lake, na akilipata lilivyo sasa, yule binti anapanda kizimbani kwa kuua. Kwa hiyo usinifundishe tabia za nyanya. Niambie hizi zilitoka wapi."

Inspekta alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mkavu wa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: jambo likionekana rahisi mno, ndipo hulitilia shaka. Na kesi hii ilikuwa rahisi kupita kiasi. Mke ndiye aliyekata nyanya, mume ndiye aliyekula, mke hakuonja hata kipande. Juu ya rafu ya jikoni kulikuwa na pakiti ya sumu ya panya. Mama wa marehemu, huku akilia, alikuwa amemnyooshea mkwewe kidole mbele ya ukoo mzima. "Kesi imejipika yenyewe, Afande," Sajenti wake alikuwa amemwambia. "Sisi kazi yetu ni kupakua." Sajenti alikuwa mtu wa tumbo kubwa na roho nyepesi, na mifano yake yote ilitoka jikoni.

Ila pakiti ile ya sumu ya panya ilikuwa haijafunguliwa. Mke, alipoulizwa kwa nini hakula, alijibu kwamba nyanya mbichi humletea kiungulia tangu alipokuwa mjamzito, jibu la ovyo kiasi kwamba Inspekta aliona ni vigumu mtu kulitunga. Na asubuhi hiyo maabara ilikuwa imepiga simu: sumu iliyomuua Fundi si ya panya kabisa. Ni ya shambani, ile ya kufukia kwenye udongo kuua minyoo ya mizizi. Hiyo ndiyo iliyowaleta kwenye kituo hiki cha utafiti wa mbegu, pembeni mwa mji, mahali ambapo marehemu alikuwa akitunza mabomba.

"Sumu ya namna hiyo mnayo?" aliuliza.

Daktari alionyesha jengo la pembeni. "Ipo stoo. Lakini haitumiki. Sisi hapa tunapima ni mmea gani unaoweza kuishi na minyoo bila kusaidiwa. Ukitia sumu, umeua kipimo. Ni mwiko."

"Twende stoo."

Mtunza stoo alikuwa mwembamba kama ufito, funguo zimemning'inia shingoni, na alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa kitu. Sajenti alimwona, macho yakamng'aa. Alikuwa amekwisha kusikia getini kwamba huyu na Fundi walishikana mashati mwezi uliopita kwa sababu ya mpira wa maji uliopotea.

"Mlikuwa mnapatana na marehemu?" Sajenti aliuliza kwa sauti tamu.

"Tulikuwa tunapatana, na tulikuwa tunagombana. Kama watu wote."

"Mkagombana mpaka mkashikana?"

"Alinishika yeye. Mimi nilishikwa tu."

Sajenti aligusa pingu kiunoni. Inspekta hakumjali. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la chuma lililoandikwa HATARI kwa rangi nyekundu, akitazama kufuli. Utando wa buibui ulikuwa umetanda kutoka kwenye kufuli hadi ukingoni mwa mlango, mzito kwa vumbi na mizoga ya mbu waliokauka zamani.

"Sajenti, achana na hizo pingu," alisema. "Kabati hili halijafunguliwa siku nyingi. Buibui hana sababu ya kutudanganya." Akainuka, akamgeukia mtunza stoo. "Wewe nawe niambie, jasho lote hilo ni la nini?"

Mtunza stoo alimtazama Daktari, kisha akatazama viatu vyake. "Matunda ya majaribio yanatolewa mbegu, halafu yanafukiwa. Hayatoki nje. Lakini Fundi aliniomba. Nikamfungulia mlango wa nyuma, akatoka na mfuko umejaa. Alikuwa na furaha, Afande, sijapata kumwona vile. Nikasema moyoni, matunda tu haya, yana ubaya gani? Nilijua siku moja nitafukuzwa kazi. Sikujua kama atakufa mtu."

"Matunda ya wapi?"

"Meza ya nne. Zile bapa, zenye mikunjo. Alisema ni za mama yake."

"Za mama yake kwa vipi?"

Daktari ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mbegu ni za mama yake. Fundi aliniletea mwenyewe, zimefungwa kwenye kitambaa. Alisema tangu azaliwe hajaona nyanya za mama yake zikinyauka."

Banda la plastiki liliwapokea kwa joto kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao, na juu ya meza makopo yaliyojaa udongo, kila kopo na mnyanya mmoja uliofungwa kwa uzi kwenye waya wa juu. Mipira myembamba ya maji ilipita katikati, ikidondosha tone moja moja. Kwenye kila kopo kulikuwa na kijibao chenye namba. Jina hapakuwa na hata moja.

"Mbona namba tupu?" Inspekta aliuliza.

"Ili nisijipendelee. Mbegu za watu mbalimbali zimechanganywa mezani kwa kura. Namba ipi ni ya nani, ninajua mimi peke yangu. Na nyanya zikiwa changa karibu zote zinafanana, huwezi kuzijua mpaka zizae."

"Lakini nyanya si nyanya tu, Daktari?" Sajenti aliuliza.

Hapo Daktari alisahau woga wake kidogo. "Wewe una ndugu?"

"Tele."

"Homa ikiingia nyumbani kwenu, mnaugua wote sawa?"

"Wapi! Kaka yangu hajui hata mafua. Mimi upepo ukipita tu niko kitandani."

"Na mmezaliwa tumbo moja. Basi mimea nayo ni hivyo hivyo. Kwenye udongo kuna minyoo midogo, jicho haliioni. Inaingia kwenye mzizi, inafanya makao humo, na mzizi unavimba mafundo mafundo kama shanga. Mmea unashinda na njaa hata ukiunywesha maji kila siku. Mbegu za dukani zimechaguliwa zifanane. Mmoja akiugua, shamba zima limekwisha. Lakini mbegu za vibustani, zile ambazo mama anampa binti yake, humo kila mche una bahati yake. Mmoja anaoza mizizi, jirani yake haguswi, na hakuna aliyemfanyia kitu. Amezaliwa hivyo. Huyo asiyeguswa ndiye ninayemtafuta."

Inspekta alikuwa akisikiliza kwa masikio, lakini macho yake yalikuwa yanatembea mezani. Yalikwenda meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yalipofika ya nne, yalisimama.

"Mbona meza hii tu ina kokoto?"

Ilikuwa kweli. Makopo ya meza nyingine yalikuwa na udongo mtupu juu. Ya meza ya nne yalikuwa yamefunikwa kokoto ndogo, zimepangwa vizuri kuzunguka mpira wa maji.

"Fundi aliziweka," Daktari alisema. "Alisema maji yanaruka."

"Na kwenye meza nyingine hayaruki?"

Daktari alizitazama meza nyingine, moja baada ya nyingine. Inspekta alivaa glavu, akaondoa kokoto kwenye kopo la mwanzo. Chini yake udongo ulikuwa mbichi, na ndani ya udongo kulikuwa na chembe ndogo za rangi ya zambarau, nyingine ngumu, nyingine zimeyeyuka zikaacha doa. Alichota chache kwa ncha ya kidole, akampelekea Daktari karibu na miwani.

"Hii ni mbolea?"

Daktari alitazama. Akasogeza miwani, akatazama tena.

"Nimekuuliza, Daktari. Ni mbolea?"

"Hapana," alisema mwishowe. "Mungu wangu. Hapana, Afande, hii si mbolea. Usijiguse usoni."

Walifunua kopo la pili, likawa hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Meza nzima, hakuna kopo lililorukwa. Sajenti, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alirudi nyuma hatua kadhaa akafuta viganja vyake kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa chochote.

Ghafla Daktari alishika kopo moja la pembeni. "Huyu namjua hata bila namba, kwa majani yake, ni mapana kama ya kiazi. Ni shahidi wangu. Kila meza nimeiwekea shahidi: mmea dhaifu kuliko yote, kazi yake ni kuugua. Yeye akiugua, najua minyoo ipo na ina njaa." Aliligeuza kopo, akaligonga chini, akatoka na bonge la udongo hadi kwenye bomba la maji. Aliosha kwa mikono miwili. Tope lilishuka, likashuka, na mizizi ikajitokeza mirefu, myeupe, laini kama uzi wa kushonea. Haikuwa na fundo hata moja.

"Si ndiyo habari njema?" Sajenti aliuliza.

"Huyu hawezi kuwa mzima!" Daktari alipiga kelele, sauti ikapasuka. "Huyu nimempa minyoo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu! Hawezi!"

Aling'oa mwingine, akaosha. Safi. Mwingine. Safi. Wageni kutoka wizarani walikuwa waje wiki ijayo kuona meza hiyo hiyo iking'olewa, na sasa mwenye meza alikuwa anaing'oa kama mtu anayetafuta mtoto aliyefukiwa na kifusi. Tope lilimfika viwikoni. Inspekta alimwacha mpaka akachoka mwenyewe.

"Ningeona mchanganyiko, ningeamini," Daktari alisema, akihema. "Mmoja safi, mmoja nusu kwa nusu, mmoja ameoza. Hivyo ndivyo Mungu anavyogawa. Meza nzima kuwa safi, pamoja na shahidi? Huu ni mkono wa mtu."

Sajenti alimvuta Inspekta pembeni. "Afande, mtu mwenyewe si ndiye huyu? Wageni wanakuja, mizizi inang'aa, picha kwenye gazeti. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ungekuwa wewe ndiye Daktari, na unataka kudanganya, ungetia sumu wapi?"

"Kwenye makopo ninayoyataka yashinde."

"Na shahidi?"

Sajenti alifikiri. "Shahidi ningemwacha augue, ili... ah."

"Ah," Inspekta alikubali. "Daktari anazijua namba. Asingegusa shahidi hata kwa bahati mbaya. Aliyefanya hivi alijua kwamba mmea anaoutaka uko meza ya nne, lakini miche ikiwa michanga hakujua ni upi. Kwa hiyo akatia kote. Halafu akahitaji kokoto za kufunika, na sababu ya kuinua mipira ya maji bila mtu kumshangaa." Akamgeukia Daktari. "Nani mwingine alijua meza bila kujua namba?"

Matone yaliendelea kudondoka.

"Fundi," Daktari alisema. "Alinisumbua sana, ziko wapi za mama, ziko wapi. Nikamwambia meza. Namba nikamnyima."

"Ngoja kwanza," Sajenti alisema, na safari hii hapakuwa na utani kwenye sauti yake. "Mtu anatia sumu mwenyewe, kwa mkono wake, halafu anachuma, anakaa mezani, anakula?"

"Alidhani inabaki udongoni." Daktari aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wengi wanadhani hivyo. Ungemuuliza angekwambia matunda ameyaosha. Lakini dawa hii inanywewa na mizizi, inapanda kwenye shina hadi kwenye tunda lenyewe. Na yeye ametia ya kutosha shamba zima. Tunda likishakunywa, unaosha ganda bure."

Inspekta alimwacha kidogo avute pumzi, maana swali lililobaki lilikuwa zito kuliko yaliyotangulia. "Kwa nini alitaka kusaidia mbegu ambayo yeye mwenyewe alisema hainyauki?"

"Kwa sababu aliiona ikiugua." Daktari alivua miwani, akaishika kwa vidole vya tope. "Tulifanya jaribio la kwanza, dogo. Yeye ndiye aliyenishikia mpira wa maji nikiosha. Za mama yake karibu nusu zilikuwa na mafundo. Nusu zilikuwa safi. Akaniuliza, 'Ndizo za mama hizo?' Nikamwambia ndizo. Hakusema kitu. Akafunga maji, akaondoka."

"Na wewe ulizionaje?"

"Mimi?" Daktari alimtazama kana kwamba ameulizwa jina lake mwenyewe. "Usiku ule sikulala kwa furaha. Nusu safi! Maana yake ukinzani upo mle ndani, wa kweli, wa kuzaliwa nao. Unachukua zile safi, unapanda mbegu zake, unachagua tena, na tena. Mama yule amehifadhi kwenye kitambaa kitu ambacho nimekizungukia miaka yote hii. Ndiyo maana nikazipanda tena, meza ya nne."

"Ulimwambia Fundi?"

Daktari alitikisa kichwa. Katika kazi yao matokeo hayasemwi mpaka yathibitishwe, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyoshika. Fundi aliona mafundo akadhani ni aibu ya mama yake, na mtu pekee aliyejua kwamba nusu safi ni sifa alifunga mdomo kwa kufuata utaratibu. Inspekta alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini hapo aliegemea meza, kisha akakumbuka meza ni ipi, akaondoa mkono haraka.

Ndipo akili yake ilipogonga jambo lingine. "Mtunza stoo alisema mfuko umejaa. Kwenye sahani kulikuwa na nyanya chache tu. Nyingine ziko wapi?"

Sajenti alikuwa wa kwanza kukimbia, tumbo na yote.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa uani, watu wameinamisha vichwa, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapika kwenye masufuria makubwa. Sajenti aliwapita waombolezaji bila salamu, akamnyang'anya mzee mmoja sahani iliyokuwa nusu njia kwenda mdomoni.

"Msile! Mtu asile!"

Watu waliduwaa. Mzee alibaki na mkono wazi hewani. Inspekta aliingia jikoni akamshika bega mwanamke aliyekuwa akikata nyanya kwenye ungo, jirani wa karibu wa familia.

"Hizi mmezitoa wapi?"

"Sokoni, Afande! Asubuhi hii hii, nimenunua mwenyewe!"

"Na zile za Fundi? Bapa, zenye mikunjo?"

"Za Bibi, mama yake? Hizo tusizitie mdomoni hata kwa dawa, ametukataza."

Inspekta alikuwa amelegeza mkono begani. Akamshika tena. "Amekukatazeni lini?"

"Siku ile ile. Fundi wamempakia kwenye gari, hata hospitali hawajafika, Bibi huyo mbio chumbani kwake. Fundi alikuwa amempelekea nyingi, alizianika dirishani zikomae atoe mbegu. Akazibeba zote kwenye khanga. Akasema atakayegusa moja, wamekosana mpaka kaburini. Tukasema ni uchungu wa mwana."

Inspekta alisimama pale, moshi ukimwingia machoni, asiusikie. Mama wa marehemu alikuwa ameapa kituoni kwamba mkwewe ndiye aliyetia sumu kwenye sahani. Nyanya za dirishani hazikupita kwenye sahani hiyo wala mkononi mwa mkwe. Mtu anayeamini sumu ilitiwa jikoni hana sababu ya kuogopa nyanya za chumbani kwake.

Alimkuta Bibi ameketi kitandani, mdogo, mkavu, mikono ya mkulima imelala mapajani. Wanawake waliokuwa naye walitoka kwa ishara. Sajenti alibaki mlangoni.

"Pole sana, Mama," Inspekta alisema, akavuta kigoda akaketi chini kuliko yeye.

"Asante, mwanangu. Mmeshampeleka mahakamani yule?"

"Bado. Zile nyanya za dirishani ziko wapi, Mama?"

Bibi alitazama dirisha. "Nimezifukia nyuma ya nyumba. Shimo refu."

"Kwa nini?"

Bibi alinyoosha upindo wa khanga yake. Uani mtu alikohoa, kiti kikalia.

"Mama, kule kazini kwake sumu haijatoka. Nimeona kwa macho yangu. Fundi aliipata wapi?"

Bibi alianza kusema, polepole, kana kwamba anasimulia habari za nyumba nyingine.

"Kopo lilikuwa la marehemu mume wangu. Lilikaa darini tangu tulipoacha kulima tumbaku. Mwanangu alikuja akasema, Mama, kuna mchwa kazini. Nikamwambia liko juu, nyuma ya magunia. Ngazi ilikuwa inacheza. Niliishika mimi."

"Hukujua anapeleka wapi."

"Sikujua. Mpaka alipoleta nyanya. Alikuwa anacheka, mwanangu, kama alivyokuwa mtoto. Akasema, Mama, mbegu yako imewashinda wote, wataipa jina lako. Akaniinamia sikioni: nimeisaidia kidogo tu, limesaidia kopo la Baba." Akatazama tena dirisha. "Sikumwelewa. Usiku aliponiita, nikaona povu, nikaona na macho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mbuzi wetu alikufa hivyo, alilamba lile kopo. Povu lile lile. Macho yale yale. Nikaelewa."

"Ulielewa usiku ule ule?"

"Usiku ule ule."

"Kisha ukasimama mbele ya watu ukasema ni mke wa mwanao."

"Nilisema."

Inspekta aliwahi kuona watu wakisingiziwa mbele yake kwa sababu ya wivu, kwa sababu ya shamba, kwa sababu ya chuki tu. Hii hakuwahi kuiona.

"Yule binti amelala sakafuni na mjukuu wako kifuani. Hakukukosea kitu. Kwa nini, Mama?"

Bibi alimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Kwa sababu kama si yeye, ni mimi."

Sajenti aligeuza uso ukutani. Inspekta aliinuka, akafika mlangoni, akamwambia taratibu apige simu kituoni, mke wa Fundi atolewe sasa hivi na apewe gari, na mwendesha mashtaka aambiwe hakuna jalada la mauaji. Maelezo ya Bibi atayaandika yeye mwenyewe, hapo hapo, na uongo wa kituoni nao utaandikwa. Sheria haina kitanda cha kulaza wafiwa.

Aliporudi, Bibi alikuwa bado anamtazama.

"Nikuulize na mimi kitu, mwanangu. Wewe umetoka huko kwao. Mbegu zangu kweli zilikuwa zinaugua? Zilishindwa?"

Inspekta angeweza kusema hajui. Mtu mwingine angesema hajui, na angelala salama. Lakini alikuwa amekuja kuchukua ukweli kwa mama huyu, na hakuona njia ya kuondoka akiwa amemnyima wake.

"Hazikushindwa, Mama. Zilikuwa nzuri tangu mara ya kwanza. Nusu yake minyoo haikuzigusa, bila dawa ya mtu yeyote. Daktari hakulala kwa furaha. Ila Fundi hakuambiwa."

Bibi hakuwa amelia tangu kituoni. Sasa kilio kikamtoka, na wanawake wa jikoni wakaacha masufuria wakaja mbio, wakidhani kuna mtu mwingine amekufa.